Yai Lililosingiziwa

Mkutano wa kuamua Bosi aliugua nini ulifanyika kwenye korido ya hospitali, kati ya ndoo ya deki na bango la kuhimiza watu wanawe mikono. Wajumbe walikuwa wanne: Baba, Mama, Shangazi na Dada. Dada ni msusi, umri wake ishirini na sita, na aliingizwa kikaoni kwa sababu yeye ndiye aliyemkuta mdogo wake sakafuni, kwa hiyo isingewezekana kumdanganya. Mgonjwa mwenyewe hakualikwa. Alikuwa wodini, amelala, amegeukia ukuta.

Ajenda ilikuwa moja tu: watu watauliza, sasa tuseme nini?

"Malaria," alisema Baba. Baba ni fundi cherehani, anashona sare za shule, na maisha yake yote amepima watu viuno bila kuwauliza swali linalozidi hapo.

"Malaria haileti gari la wagonjwa lenye king'ora," Shangazi akasema. Shangazi ni dada mkubwa wa Baba. Hakuna aliyemchagua kuwa mwenyekiti wa ukoo, lakini kiti amekikalia mwaka wa thelathini huu na hana mpinzani.

"Presha basi," Mama akanong'ona.

"Ana miaka ishirini na moja, wifi. Presha ya nini?"

"Tuseme ukweli," Dada akasema.

Wote watatu wakamtazama kama mtu aliyejamba katikati ya maombi.

"Ukweli upi?" Shangazi akauliza, sauti chini. "Unajua polisi wakisikia inaweza kuwa kesi? Unajua watu watasema nyumba hii ina nini? Halafu wewe mwenyewe hujaolewa. Nani atakuja kuposa kwenye nyumba yenye jambo kama hili?"

Hapo ndipo Dada alipogundua kwamba mdogo wake alikuwa na saa tisa tu tangu aponee chupuchupu, na kikao tayari kimefika kwenye harusi yake yeye.

"Chakula," Shangazi akaamua. "Alikula kitu kibaya." Akafikiri kidogo. Shangazi si mtu mbaya, ila ni mtu makini, na anajua kwamba uongo mzuri lazima uwe na anwani. "Yai. Yai bovu. Pale kona, kwa yule mwanamke wa mayai."

Likapita bila kupingwa.

Daktari alipokuja alikuwa msichana mwembamba mwenye macho ya mtu ambaye hajaonana na kitanda chake tangu juzi. Shangazi akampa ripoti ya kikao.

"Yai," daktari akarudia, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusikia mayai mengi, na samaki, na uyoga, na yule mmoja aliyeteleza bafuni mara tatu. Akaandika kitu kirefu zaidi ya yai. Kisha akasema, huku akiwaangalia mmoja mmoja, "Wiki hizi asiachwe peke yake. Na mumuulize. Kwa maneno hayahaya, bila kuzunguka: unafikiria kujiua? Kumuuliza hakumwekei wazo kichwani. Wazo analo. Mkimuuliza, anapata mtu wa kulibeba naye." Akatoa kadi ndogo ya bluu. "Alhamisi, saa nne asubuhi, chumba namba sita. Kuna mshauri pale. Asikose."

Shangazi akaipokea kadi kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akaitumbukiza kwenye mkoba wake. Mkoba ule vitu huingia tu, kutoka ni nadra.

Daktari alipoondoka akageuka. "Tumuulize? Ili tumkumbushe?"

Kana kwamba kijana alikuwa amesahau.

*

Alirudishwa nyumbani Jumamosi, akawekwa sebuleni kwenye kochi la wageni kama kombe la mashindano.

Sebule ile ndiyo pia kiwanda cha Baba. Cherehani iko dirishani, vitambaa vya sare vimepangwa hadi karibu na dari, na meza ya kupigia pasi inatumika kulia chakula siku za wageni wengi. Kila asubuhi, kwa mwaka mzima sasa, Baba alikuwa akianza kazi kwa kupiga pasi shati jeupe la mwanawe. Alikunja kola, akanyoosha mikono, akapuliza uzi usioonekana. Shati lile lilikwenda ofisi ya bima, ghorofa ya pili, nafasi ambayo Shangazi aliipata kwa kumjua mtu aliyemjua mtu. Siku ya kwanza ya kazi Shangazi alimfunga kijana tai, akarudi nyuma hatua mbili na kusema, "Bosi." Jina likaganda. Mtaa mzima ukamwita Bosi. Mama akawa Mama Bosi. Jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye vyeti.

Ushauri wa daktari ulifuatwa nusu, ile nusu rahisi. Hakuachwa peke yake hata dakika. Wageni waliingia na kutoka, kila mmoja na utaalamu wake wa mayai. Mmoja akasema yai bovu huelea. Mwingine akasema dawa ni maziwa. Wa tatu, jirani wa ukuta mmoja, alikaa saa nzima akieleza jinsi shemeji yake alivyoumwa tumbo la mayai hadi akasahau majina ya watoto wake. Bosi alisikiliza, akashukuru, akawaaga.

Wale waliojua ukweli waliujadili jikoni, mlango umefungwa.

"Kuna mtu kamtupia jicho baya," Mama alisema. "Mtoto alikuwa anapendeza mno na ile tai."

"Ni simu," Shangazi alisema. "Hawa watoto wanashinda kwenye simu, wanaangalia watu wenye magari. Sisi zamani tulikuwa na shida kubwa kuliko hizi. Nani alijiua?"

Dada alitaka kumkumbusha kuhusu binamu yake Baba, yule wa zamani ambaye picha yake ilitolewa kwenye albamu, ambaye kila mtu alisema alizama. Alikuwa mwogeleaji hodari sana. Lakini akanyamaza, kwa sababu kunyamaza amelelewa nako, anakufahamu kama kusuka.

Baba yeye hakusema lolote jikoni. Alikwenda sebuleni, akasimama mbele ya mwanawe, akamshika bega. "Kaza, Bosi. Mwanaume anakaza. Jumatatu ijayo wanakusubiri ofisini."

"Sawa, Baba," Bosi akasema.

Dada aliisikia ile "sawa" akiwa mlangoni. Ilikuwa sawa laini, iliyopigwa pasi. Akajua hapo hapo kwamba hakuna kitu kilichokuwa sawa, na kwamba kuna swali moja tu limebaki duniani, na yeye ndiye wa kuliuliza.

Jumapili akasimama mbele ya kochi. Akavuta pumzi. Akauliza, "Utakunywa chai?"

Jumatatu akauliza kama anasikia baridi. Jumanne akafika mbali zaidi, akakaa naye kabisa, bega kwa bega. "Mdogo wangu," akasema.

"Naam, Dada."

"Hivi… nywele zako lini utanyoa?"

Mwanamke mwenye uwezo wa kumwambia mteja usoni kwamba wigi lake linafanana na paka aliyekufa, alishindwa na maneno mawili.

*

Saluni ina viti vitatu na kioo chenye ufa, na hakuna jambo la mtaa lisilopita hapo. Jumatano asubuhi Dada alikuwa na kichwa cha mteja mkononi, na mteja alikuwa na habari mdomoni.

"Pole ya mdogo wako. Nimesikia ni mayai matano."

"Moja," Dada akasema, akijichukia.

"Mimi nimeambiwa matano," akasema aliyekuwa kwenye kiti cha pili. "Na kwamba yule mama anachemshia maji ya mtaro."

"Si ya mtaro. Anachanganya na mayai ya njiwa waliokufa."

"Njiwa aliyekufa anataga vipi?"

"Kabla hajafa, mwenzangu. Usiwe mgumu."

Wakacheka. Dada akavuta msuko mpaka mteja akalalamika. Uongo wa korido ulikuwa umetoka nyumbani mdogo, mwembamba, na sasa umenenepa. Saa sita alipokwenda kununua nyuzi za kusukia alipita kona. Mama Mayai alikuwa pale, na ile ndoo yake ya plastiki imefunikwa kwa kitambaa safi, chupa ya chumvi pembeni, benchi la mbao tupu. Kwa kawaida saa hizo benchi lile halina nafasi ya kuweka hata kiwiko. Mafundi baiskeli, wapiga rangi, makarani, wote husimama pale kumenya mayai. Leo palikuwa na inzi mmoja, na yeye pia alionekana ana wasiwasi.

Macho yao yakakutana. Dada akavuka barabara kwa haraka, kama mtu aliyeitwa na mtu.

*

Saa kumi jioni sebule ilikuwa imejaa kwa kiasi chake: Baba kwenye cherehani, Mama na Shangazi kwenye mkeka, Bosi kwenye kochi lake la maonyesho, Dada amerudi mapema akijidai anaumwa mgongo. Hodi ikapigwa mara moja, ya mtu ambaye ataingia hata asipokaribishwa.

Mama Mayai aliingia na ndoo yake. Akaitua katikati ya sebule, juu ya kitambaa cha sare ambacho Baba alikuwa amekikata muda si mrefu.

"Shikamooni wakubwa. Sikai," akasema, akakaa. "Nimeuza mayai kona ile miaka kumi na moja. Leo nimeuza mawili, na moja nimelinunua mwenyewe ili nisione aibu. Nimekuja kuuliza. Huyu kijana alikula yai langu siku gani?"

"Jumanne," akasema Shangazi.

"Ijumaa," akasema Mama, kwa wakati uleule.

Cherehani ikapunguza mwendo.

"Mama," Shangazi akasema kwa ile sauti ya mwenyekiti, "tunakuheshimu, lakini mtoto amenusurika. Hatutaki maneno. Mambo ya chakula hutokea, mtu hata hajui."

"Najua kwamba hujui," Mama Mayai akasema. "Mimi ndiye ninayejua. Huyu hali mayai."

Mama akageuka kumtazama Bosi.

"Hali kabisa. Harufu tu inamsogeza mwisho wa benchi. Nikifunua ndoo anaziba pua kwa tai yake. Namtania, namwambia, wewe Bosi, utaoa mke mla mayai nione utalala wapi. Miezi minne hiyo, hata gamba hajalishika."

Na hapo Dada akakumbuka, na akaona kwenye uso wa Mama kwamba naye amekumbuka. Mtoto wa miaka minne, shuka jipya, yai la kulazimishwa, na shuka halikuwa jipya tena. Tangu siku ile hakuna yai lililowekwa kwenye sahani yake. Watu wanne waliomlea walikaa kwenye korido kutafuta uongo utakaoutosha mtaa, na hakuna hata mmoja aliyeangalia kama utamtosha yeye. Fundi mwenyewe alikuwepo, na hakupima.

"Miezi minne kwenye benchi?" Shangazi akasema, akikwepa kwenye mayai na kurukia alichokiona ni ushindi. "Unaona unavyodanganya. Mtoto huyu anashinda ofisini."

Mama Mayai akafungua mdomo. Kisha akamwangalia Bosi, akaona uso wake, akaufunga. Alikuwa amekuja kukomboa mayai yake, na ghafla aligundua ameshika kitu cha mtu mwingine.

"Nisamehe, mwanangu," akasema taratibu. "Mimi nimekuja kwa ajili ya ndoo yangu tu. Labda nimekufananisha."

"Hukunifananisha," Bosi akasema. Ilikuwa mara ya kwanza wiki ile kusema jambo ambalo si shukrani. "Walipunguza watu ofisini. Mwezi wa pili. Nilikuwa nakaa kwake mpaka saa za kurudi."

Cherehani ikasimama.

"Shati," Baba akasema. "Nilikuwa nakupigia pasi shati."

"Najua, Baba. Hilo ndilo lilikuwa gumu kuliko yote."

Baba akaiangalia mikono yake kama vile ni ya fundi mwingine, asiye hodari.

"Kumbe ni kazi tu," Shangazi akasema, na kwa kweli alipata nafuu, akanyoosha miguu. "Si ungesema? Kazi nitakutafutia. Kesho namwona yule bwana wa…"

"Si kazi tu, Shangazi."

"Sasa ni nini?"

"Sijui. Ni kazi, na si kazi. Ni asubuhi. Ni kuitwa Bosi na watu wote hadi mwenye duka. Kuna siku niliona hata nikipotea, mtakachokosa ni tai." Akatabasamu kidogo, tabasamu baya. "Na kila mkiniuliza hali, mnanijibia wenyewe."

Shangazi akaanza kusema kwamba enzi zao. Dada akamkatiza. Hakuwahi kumkatiza Shangazi maishani, na wala hakujisikia akifanya hivyo. Alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi, mikono yake inanuka mafuta ya nywele, na maneno yakatoka yenyewe, yamechelewa siku nne.

"Ulitaka kufa?"

Mama akajifunika uso kwa ncha ya kanga.

"Ndiyo," Bosi akasema.

"Na sasa hivi? Bado unafikiria kujiua?"

Paa halikuanguka. Polisi hawakuingia. Mchumba aliyekuwa anakuja kuposa, kama alikuwepo njiani, hakugeuza. Bosi alimwangalia dada yake kwa muda mrefu, kama mtu anayehesabu vitu vyake baada ya kuhama.

"Asubuhi, ndiyo," akasema. "Asubuhi ni mbaya. Sasa hivi nimechoka tu. Na harufu ya hiyo ndoo inanimaliza."

Mama Mayai akaivuta ndoo kwa mguu hadi mlangoni, haraka, kama mama aliyesahau moto jikoni.

"Shangazi," Dada akasema, bado kapiga magoti. "Kadi."

"Kadi gani?"

"Ya bluu. Kesho ni Alhamisi."

"Mwanangu, pale chumba namba sita watu wanapita. Wataona. Watasemaje?"

"Watasema," Mama Mayai akajibu akiwa mlangoni. "Mimi wamenisema wiki nzima. Maji ya mtaro, njiwa, sijui nini. Usiku nalala, asubuhi naamka, naona bado nina miguu miwili."

Shangazi akaufungua mkoba. Vikatoka funguo za nyumba aliyokwisha kuhama, pipi za kikohozi, risiti zilizofutika, miwani ya jicho moja, picha ndogo ya kijana aliyevaa kaptula ya kuogelea. Picha ile aliishika kidogo kabla ya kuilaza kifudifudi. Kwa mara ya kwanza alionekana tu kama mwanamke mzee aliyeogopa kwa muda mrefu mno. Kadi ilikuwa chini kabisa, imekunjika pembe moja.

Baba akanyanyuka. Akaichukua, akaiweka juu ya meza, akawasha pasi. Akainyoosha ile pembe taratibu, juu ya kitambaa.

*

Asubuhi ya Alhamisi Baba alipiga pasi shati, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kuanza siku. Akaichukua tai.

"Bila tai, Baba."

"Bila tai," Baba akakubali, akairudisha msumarini.

Wakatoka watatu, Baba, Dada, na Bosi katikati. Walipofika kona, benchi la Mama Mayai lilikuwa kama jana: tupu. Wapiga rangi wawili na fundi baiskeli walikuwa wamesimama upande wa pili wa barabara, wana njaa na wana msimamo. Baba akapunguza mwendo. Akasimama. Dada akadhani amechoka.

"Nipe moja," Baba akamwambia Mama Mayai.

Akalipokea, akaligonga kwenye ukingo wa benchi, akalimenya kwa uangalifu uleule wa kufumua mshono. Mtu mnyamavu akifanya jambo hadharani, mtaa unageuka wote. Akauma.

"Fundi," fundi baiskeli akaita kutoka ng'ambo, akicheka. "Vipi wewe? Si ndiyo yaliyompeleka mwanao hospitali hayo?"

Dada akauma mdomo. Pale pale palikuwa na jibu rahisi, limelala barabarani, linasubiri kuokotwa. Lilikuwa jepesi kama malaria.

Baba akameza.

"Hapana," akasema. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini barabara ni nyembamba. "Mwanangu alitaka kufa. Yai halihusiki."

Fundi baiskeli akabaki na kicheko usoni, hajui akiweke wapi. Mpiga rangi mmoja akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. Kisha akavuka barabara, taratibu, akaja kusimama karibu na ndoo. Akanyoosha mkono, na Mama Mayai akampa yai na chumvi.

Bosi alikuwa amesogea mwisho kabisa wa benchi, kaziba pua kwa kola ya shati lililonyooka. Macho yalikuwa mekundu. Dada akaenda akakaa karibu yake. Safari hii hakuuliza kuhusu nywele.

"Leo asubuhi je?"

Bosi akafikiri. Alijibu ndani ya kola, kwa sauti iliyozibwa.

"Mbaya. Lakini naweza kufika chumba namba sita."

"Basi twende."

"Tumsubiri Baba," Bosi akasema. "Anakula la pili."